Mifuko Minne ya Lempi Kangas

Barua ya ofisi ya kodi ilikuwa na kurasa tatu, na mbili za mwanzo hazikumkasirisha Lempi Kangas. Zilisema kwamba nguo alizolitolea kanisa mwaka ule alipopasuliwa nyonga, nguo alizozithamini dola mia nne na themanini ili apunguziwe kodi, hazikubaliki, kwa hiyo anadaiwa dola sabini na mbili. Sawa. Ukurasa wa tatu ndio uliompandisha mori: faini ya dola kumi na nne na senti arobaini, kwa uzembe.

Mtu ameendesha basi la shule miaka thelathini na moja kwenye theluji ya kaskazini mwa Michigan, hajagonga hata kisanduku cha barua, leo anaitwa mzembe na mtu aliyejikalia kando ya hita.

"Kodi nitalipa," alimwambia wifi yake, Aili Rautio, msimamizi wa duka la nguo za msaada pale chini ya kanisa. "Faini silipi ng'o. Hebu nione, kwenye risiti uliniandikia nini?"

Aili akatoa nakala. Mifuko minne, ahsante.

"Basi?"

"Ulitaka niandike nini, wifi? Tangu lini mtu akaorodhesha hapa?"

Alisema kweli. Katika mji ule mwenye kutoa hutua mfuko mlangoni, akalalamikia baridi kidogo, akaenda zake. Kuhesabu ulichotoa ni kujisifu, na kwa Walutheri wale kujisifu kulizidi ulevi kwa ubaya, maana mlevi angalau atasingizia baridi. Hivyo mji mzima ulikuwa na wema usio na ushahidi, na watu wa kodi hawajui kitu kingine ila ushahidi.

"Chukua kamera," Aili akasema, "nenda shuleni wakati wa kutoka. Nusu ya makoti yako yanatembea pale. Yapige picha, ukamwonyeshe huyo bwana wa kodi, aone kama ni matambara."

Hasira zikampeleka. Alisimama kando ya uzio, kengele ikalia, watoto wakamiminika. Punde akaliona koti la buluu la binti yake, Sirkka, lile alilolitia bitana nyekundu kwa mkono wake mwenyewe. Alilivaa kibinti mmoja kibogoyo wa meno ya mbele, anakimbia vifungo wazi. Lempi akainua kamera.

Mama wa mtoto, aliyeuza petroli kituo cha barabara kuu, akaiona. Akamdaka mwanawe, akamfunga vifungo mpaka shingoni, bitana isionekane. Kisha akamsogelea Lempi, akauliza kwa sauti ya chini, "Unalitaka, Bi. Kangas? Nipe mpaka Jumamosi, nimtafutie jingine."

Lempi aliona aibu kama aliyeshikwa akiiba.

"Nilitake la nini?" akasema. "Napiga picha theluji mimi." Na akaipiga kweli.

Jioni ile aliketi na kahawa na mkate wa iliki, akaandika orodha kwa kichwa. Kila nguo aliikumbuka kwa kiraka chake: sweta la kijivu, kiwiko cha kushoto kimefumwa upya, suruali ya theluji, zipu mpya. Zikafika nguo arobaini na tatu.

Afisa wa kodi, kijana aitwaye Foss, aliisoma yote ofisini kwake bila haraka. Hakuwa mtu mbaya, jambo lililomuudhi Lempi, kwani alikuja amejiandaa kwa mtu mbaya.

"Bi. Kangas, mimi nakuamini," akasema. "Lakini hii ni kumbukumbu tu. Nipe jina moja. Mtu mmoja aliyepata nguo hizi, nimpigie simu aniambie zilikuwa nzima. Nikimpata, naondoa faini, na punguzo lako nalipitisha."

"Jina moja?"

"Moja tu. Unawajua?"

"Karibu wote."

"Haya, nani?"

Lempi akaitazama barua ya faini. Neno lile uzembe lilikuwa limelala mezani kati yao, limepigwa chapa na jina lake juu yake, na lilimuuma kuliko nyonga. Alitamani kulifuta kuliko alivyotamani kitu chochote mwaka ule.

"Sikupi," akasema.

"Mama, ni simu ya dakika mbili."

"Kwako wewe dakika mbili. Yeye ataona anasimangwa kila akimfunga mtoto vifungo, mpaka koti limbane. Mimi nilitoa koti, kijana. Sikutoa masimango."

"Basi neno lile itabidi libaki kwenye faili lako."

"Libaki. Nimeshaitwa mengi na watoto wa basi."

Akafungua mkoba, akatoa kitabu cha hundi. Akaandika dola themanini na sita na senti arobaini, kodi na faini pamoja. Kisha kwenye mstari wa chini, pale mtu anapoeleza analipia nini, akaandika kwa herufi kubwa: FAINI YA KUNYAMAZA. Akaichana, akamsukumia.

Foss aliisoma mara mbili. "Bi. Kangas, faini ya namna hii sisi hatuna."

"Sasa mnayo," akasema Lempi.