Faili ya Damu

"Majina, Chadia! Jolie amezaa, damu iko natoka tu, haisimame! Nipatie wa O négatif!"

Muuguzi Honorine alikuwa mlangoni, glavu nyekundu kwa damu mpaka vifundo vya mikono. Chadia, karani wa kituo cha afya, hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye skrini, na skrini haikuwa na hata jina moja la mtoa damu.

Ole wake! Programu ya BASIC iliyotunza majina hayo aliiandika Placide, fundi aliyekwisha kukimbilia ng'ambo ya ziwa, na ilikuwa na ukaidi wa kizee. Ukiongeza mtoa damu mmoja, mstari wa OPEN FOR OUTPUT hufuta kwanza faili nzima, halafu huandika wote upya. Kabla mstari wa CLOSE, wa kufunga faili, haujapita, hakuna kilichokaa. Chadia alilijua hilo. Lakini Uvira, taa zikianza kupepesa, mkono wa mtu hukimbilia prizi kabla akili haijaamka. Mashine ngapi zimeunguzwa na umeme huo hapa mtaani Songo! Asubuhi hii, katikati ya kuongeza jina, taa zilipepesa. Akachomoa.

Umeme ulipotulia akachomeka tena, na faili ilikuwa tupu. Nakala? Kila siku alisema kesho.

Aseme mashine inachelewa? Na Jolie je?

"Dada Honorine," alisema, "majina yote yamepotea. Ni minye nilichomoa."

Honorine alijitoa mlangoni kumpisha.

"Basi weye enda utafute watu. Enda!"

Alikimbia mpaka msikiti wa jirani, akamkuta mwadhini.

"Baba Sadiki, nipatie mikro."

"Mwanamuke, ku mikro?"

"Muntu anakufa, baba!"

Mzee alimpisha. Sauti ya Chadia ikatoka kwenye kipaza sauti, juu ya mabati ya Songo: "Mwenye damu ya O négatif akuye ku centre de santé, ku kituo cha afya! Asiyejua damu yake naye akuye! Faili ya majina nimeiharibu minye, Chadia. Tafazali, mukuye!"

Wakaja, wengine pekupeku, wengine na unga mikononi. Honorine aliwachoma vidole, akadondosha damu kwenye kigae cheupe, na dawa juu yake. Damu ikigandana na dawa, si O négatif. Iligandana, ikagandana tena, na kila mara Bienvenu, mume wa Jolie, alifunika uso.

Ikafika zamu ya mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani. Honorine akainamisha kigae huku, akakiinamisha kule. Chadia alisimama begani pa Honorine, akitazama. Matone yalikuwa yanateleza polepole, bado laini, hata moja halijagandana.