Mshale Unaokumbuka Ulikotoka

Mwanga umeingia karakana ya chuo kwa dirisha la juu, umeteremka mezani, umeketi kwenye kioo chako kama mgeni asiyebisha hodi. Nami nimeketi mbele yako, ewe mshale wa geji ya kupimia presha, mwembamba kama sindano zangu za zamani. Nataka kujua unachokijua.

Nilikuwa fundi cherehani mpaka nilipostaafu. Wanafunzi wenzangu nimeshawaambia, na wabishi hawaamini, kwamba niliwahi kuupima upepo kiuno, nikaushonea suruali, ukaondoka nayo bila kuaga.

"Babu Futi," wananitania, "na presha je, utaishonea nini?"

Shati, nawajibu. Lenye vifungo vingi, maana ina hasira.

Mke wangu aliuliza mara moja tu: "Baba watoto, umri huu unasomea mitambo ya vipimo, unataka kumpima nani?" Nilikuwa na hamu. Hamu ndiyo iliyonivisha viatu kila asubuhi, hamu ndiyo iliyonifungulia vitabu mpaka macho yakaomba radhi.

Leo ni mtihani wa vitendo. Nikianguka, masomo yangu yameishia kwenye meza hii.

Pampu ya mkono, na juu yake geji mbili: moja ya kuaminika, na wewe, mtuhumiwa. Nazungusha gurudumu, presha inapanda. Ile inasema ishirini, nakusoma wewe. Arobaini, nakusoma tena. Unapanda, napanda nawe, pumzi nimeibana kwapani.

Kwenye sitini, alama ya mwisho, mkono ukanisaliti. Fundi cherehani hukata kubwa, kisha hupunguza. Nikaipita sitini, nikapunguza, nikatua. Ile ikasema sitini. Wewe ukasema sitini na moja.

Hakuna aliyeona. Mwalimu, binti wa rika la wajukuu zangu, alikuwa amegeukia meza nyingine. Kalamu yangu ikajinyoosha kuandika.

Lakini alituonya: unapopanda, ukiipita alama usiirudie kutokea juu. Shuka kwanza, upande upya. Kwa nini, mshale? Muda unayoyoma, na mimi nataka kujua.

Nikashuka hadi hamsini. Nikapanda taratibu, taratibu, kama uzi unaotafuta tundu. Ile ikasema sitini. Wewe ukasema hamsini na tisa.

Presha ile ile. Mshale ule ule. Majibu mawili! Kicheko kikanitoka, karakana nzima ikageuka.

"Mzee wangu, mtihani unakuchekesha?"

"Mwalimu, huu mshale unakumbuka ulikotoka! Ukipanda unasema hivi, ukishuka unasema vile."

"Umejuaje?"

"Niliipita alama. Nilidhani ni suruali."

Akajikaza, akashindwa, akacheka na yeye. "Nilisubiri muhula mzima mtu ashangae hivyo. Kufaulu umeshafaulu. Ila bado kushuka ukisoma alama zile zile, Mzee. Malizia."

Mwanga umeshakihama kioo chako. Jua linashuka, na mwanga wake, tazama maajabu, unapanda ukutani kwenda darini.

Nalegeza gurudumu. Twende chini, mshale, kidogo kidogo. Umri wangu nao umeshika njia hiyo hiyo. Na kwenye kila alama niliyoipita nikipanda, nataka kujua, safari hii nitasoma ngapi.