Mgeni wa Mshipa wa Kushoto

Usiku wa kuamkia leo niliota niko dukani kwangu hapa Tanga, nauza kanga kama kawaida, na mteja wangu ni dawa.

Sisemi mwuza dawa, wala mtu aliyetafuta dawa akapotea njia. Alikuwa dawa mwenyewe, bibi mdogo sana, hata ikanibidi nivae miwani juu ya miwani. Nilipomwona nikamwomba radhi, maana nilikuwa nimemkalia.

"Si kitu," akasema. "Mimi ni chembe. Nimetumwa na Daktari Kiondo. Nakwenda moyoni mwako, na siwezi kwenda uchi."

Nikaona ana haki. Moyo ni wangu, na majirani zangu wana maneno.

Daktari Kiondo si wa ndotoni, ni daktari wangu wa kweli. Juzijuzi alinionyesha picha ya mshipa wa kushoto wa moyo wangu, umeziba kwa mafuta, damu inapita kwa kubembeleza. Akaniambia kuna dawa inayojaribiwa, inabebwa na chembe ndogo kuliko vumbi, zinapita damuni bila kumgusa mtu mpaka zifike penye mafuta, ndipo zijifungue. Nilitakiwa nikaanze leo asubuhi. Mke wangu Zaina nilimwambia kifua kinanibana kwa sababu ya gesi, na moyoni nilikwisha kata shauri kwamba siendi. Niliogopa kufa, na niliogopa kutibiwa, na woga wa pili ulikuwa umeushinda wa kwanza.

"Unataka kanga ya namna gani?" nikamwuliza yule bibi.

"Yenye maneno. Damuni kuna walinzi weupe. Wakiniona hivi nilivyo watanila. Wakiona kanga watadhani nakwenda arusini, wataniacha. Halafu yale maneno ndiyo anwani yangu. Nitapita mbele ya ini, nitapita mbele ya figo, wote watasoma. Asiyehusika atanyamaza. Anayehusika atanuna. Akinuna tu, namfungulia dawa." Akajipiga kiunoni, mahali alipofunga kifundo. "Hamadi kibindoni."

Hapo nikaelewa kuliko nilivyomwelewa daktari. Tangu nianze biashara hii sijaona mwanamke aliyevaa kanga kwa ajili ya watu wote. Kanga huonwa na mtaa mzima ili aumie mtu mmoja.

"Nichukue mimi," ikasema kanga nyekundu kutoka rafuni. "Mimi nimeshavunja ndoa."

"Ndoa ya nani?" ikadakia ya njano. "Walikuwa wameshaachana!"

Nikazinyamazisha zote kwa mita ya kupimia, nikatia chache begini, nikapanda ngazi kutafuta zile kali za rafu ya juu. Napanda, na rafu haifiki. Napanda, ngazi inakuwa laini, inakuwa nyekundu, inakuwa na joto. Nikashuka upande wa pili. Nilikuwa ndani ya mshipa wangu mwenyewe, na yule bibi mbele yangu anakaza mwendo.

Ndani ya mshipa kuna shughuli. Chembe nyekundu zinapita mbio zimebeba hewa vichwani, zinapiga kelele, "Simile! Simile!" Nyuma ya ukuta nasikia mtu anatwanga. Du, du. Du, du.

"Nani huyo?"

"Moyo wako," akasema bibi. "Mwamkie."

"Shikamoo, Bi. Moyo."

"Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea, damu yangu iko wapi?" ikajibu sauti. "Natwanga kinu kikavu! Nikiuweka mchi huu chini siuinui tena, msije mkasema sikusema!"

Tulipokata kona tukaona sababu. Mshipa ulikuwa umebaki upenyo wa kupitisha sindano, na mahali pengine pote alikuwa amekaa mzee mmoja mnene, ametandika mkeka, ameegemea ukuta, anang'aa uso kwa mafuta. Akasema anaitwa Mzee Shahamu. Kando yake walikuwa wamekaa walinzi weupe, matumbo mbele, hawawezi kuinuka.

"Ninyi si walinzi?" nikawauliza.

"Ni walinzi," mmoja akajibu huku akilamba vidole. "Tulikuja kumtoa, akatukaribisha chakula. Tukaona kukataa si uungwana."

Bibi akajitanda kanga ya kwanza, akapita mbele ya Mzee Shahamu taratibu, kama wapitavyo wenye lao. Imeandikwa: MGENI GANI HAKUMBUKI KWAO?

Mzee akasoma kwa sauti, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Maneno mazito hayo. Huyo anayesemwa akisikia ataumia sana." Akachukua kipande kingine cha nyama.

Nikaona aibu, maana kanga ile niliichagua mimi. Nikampa bibi ya pili, kali kuliko zote nilizopata kuuza: KUPE HANA HAYA, HATA NG'OMBE AKIFA.

Mzee Shahamu akapiga makofi. "Hii nifungie doti moja nimpelekee shemeji!"

Nyuma ya ukuta mchi unachelewa. Du. Halafu kimya. Halafu du. Na mimi, niliye ndani ya kifua changu, kifua kinanibana.

"Huyu ngozi yake mafuta matupu," bibi akaninong'oneza. "Kijembe kinateleza. Huna kanga ya adabu?"

Nikapekua begini. Imebaki moja, ya kuagia wageni, haijapata mnunuzi kwa kuwa haimsemi mtu. Akaifunga haraka haraka, akapita.

Mzee Shahamu akasoma. Machozi yakamlengalenga.

"KARIBU," akasema. "Alhamdulillahi! Hatimaye nimempata muungwana." Akageuka akaita kwa nguvu, "Jamani, njooni! Tumekaribishwa!"

Wakaja. Wajomba, mashangazi, mabinamu, wote wanene, wote wana magodoro kichwani. Wanaulizana choo kiko wapi. Ule upenyo wa sindano ukawa upenyo wa uzi.

Mchi ukanyamaza.

Sijapata kuogopa namna ile. Nikamfikiria Zaina aliyelala ubavuni mwangu, anadhani ni gesi, ataniamsha asubuhi kwa chai na mimi sitaamka. Nikaikodolea macho ile kanga, na hapo ndipo nilipoona. Bibi alikuwa ameikunja vibaya. Neno moja limeingia ndani ya kunjo.

"Geuza!" nikapiga kelele. "Dada, ifungue uifunge upya, neno limefichika!"

Akanitazama kwa ukali. "Nijifungue kanga mbele za watu? Mimi mtoto wa nani?"

"Watu wanakufa!"

"Nani anakufa?"

"Mimi!"

"Basi fumbeni macho."

Nikafumba macho. Walinzi wakafumba macho. Wajomba wakashusha magodoro wakafumba macho. Mzee Shahamu alifumba na akajifunika na leso juu yake, maana kwa adabu hana mpinzani, tatizo lake ni kuondoka tu.

"Tayari," akasema bibi.

Mzee Shahamu akafungua macho, akafuata maandishi kwa kidole. "Karibu," akasoma. Kidole kikasogea. "Tena."

Mtu yeyote aliyelelewa anajua kwamba neno lile haambiwi aliyekaa. Tusi utalijibu, kijembe utakirusha kwa mwenzio, lakini ukiambiwa karibu tena nawe bado una tonge mkononi, utafanyaje? Uso wa mzee ukamshuka.

"Kumbe nilikuwa naondoka?" akauliza.

"Ndiyo, mzee wangu," nikasema. "Ulikuwa umekwisha aga. Tulikuwa tunakusindikiza."

"Yarabi! Na mimi nimewaweka hapa." Akaanza kukunja mkeka.

Alikuwa amenuna. Mnuno mdogo, wa kiungwana, lakini ulitosha. Kile kifundo kiunoni mwa bibi kikajifungua chenyewe, dawa ikamwagika. Walinzi wakapiga chafya kwa pamoja, wakatazamana, wakaona haya, wakainuka. Mmoja akashika godoro, mwingine akashika mjomba. Damu ikapita kwa fujo, chembe nyekundu zinaniparamia, "Simile! Simile!" na nyuma ya ukuta mchi ukaanguka kinuni: du! Nililia, na sioni haya kusema kwamba nililia.

Mlangoni Mzee Shahamu akapapasa viatu gizani, akavaa makubadhi yangu, yale ya ngozi aliyoninunulia Zaina kwa ajili ya Idi. Nikafungua kinywa, nikakifunga. Mgeni kama yule ukimwambia "mzee, hivyo viatu si vyako," atakaa tena chini ili avue.

"Nitakuwa kwa Chande wa supu," akasema, ananipa mkono, na mkono wake unateleza. "Kwenye benchi letu. Ukinihitaji utanikuta pale pale."

Nikaamka.

Kumekucha. Zaina amesimama kando ya kitanda, simu yangu iko sikioni mwake.

"Ni Chande wa supu," akasema. "Sikujua kwamba mnapigiana simu. Anasema kuna mzee mnene amekaa kwenye benchi lako tangu alfajiri. Eti ulimwambia karibu tena. Anauliza akutilieni bakuli mbili, zile nzito za kila siku."

Alilikazia sana hilo *kila siku*.

"Mwambie simjui mtu huyo."

Akamwambia. Akasikiliza. Akanitazama.

"Anasema kama humjui, mbona amevaa makubadhi yako?"

Tukageuka wote wawili kutazama mlangoni. Palikuwa na viatu vya Zaina peke yake.

Sasa, makubadhi yale nayapenda, na kwa Chande ni pua na mdomo. Ningekwenda mara moja tu, niyachukue, nirudi. Nikaimezea mate ile supu, nikahisi kifua kinanibana. Ndipo nikamwambia Zaina kwamba haikuwa gesi.

"Najua," akasema. "Gesi haimlizi mtu usingizini. Nimekuwa nangoja uniambie." Akakata simu, akavaa baibui lake, akanishika mkono kwa nguvu kuliko alivyopata kunishika mbele za watu.

Tulipofika njia panda, harufu ya supu ikaja mpaka usoni, na mtu kwenye benchi akanipungia mkono. Sikumpungia. Nilimpita pekupeku, na pekupeku nikaingia kwa Daktari Kiondo.