Juu ya Kichwa cha Umm Laith

Umm Laith alikuwa kwenye genge la Abu Shukri akichagua majani ya mzabibu, moja moja, akirudisha yaliyotoboka, pale muuza mboga huyo alipomkumbusha habari ya taa. Ngazi ya mtaa wa mlimani wa Jabal Zarur inateremka kutoka nyumba za juu hadi barabara ya mabasi, nayo ilikuwa gizani tangu nguzo yake ya taa ilipoangushwa na theluji.

"Hamda anashuka kabla hakujapambazuka kwenda kusafishwa damu," alisema Abu Shukri. Hamda ni mkewe. "Mimi na magoti haya, yeye na macho yale. Siku moja tutafika chini kabla ya miguu yetu."

"Juu ya kichwa changu," alisema Umm Laith.

Kwetu hayo ni maneno ya adabu. Ukiombwa chumvi unajibu hivyo, ukiombwa binti wa kuoa unajibu hivyo, halafu kila mtu anakwenda zake. Diwani aliyemtangulia Umm Laith alipendelea "kwa macho yangu", na mpaka leo anasoma gazeti bila miwani. Lakini Umm Laith alipofunga mdomo, nguzo ya taa ilikuwa imesimama kichwani pake, juu ya mtandio, nzima, ya chuma. Abu Shukri alisogeza turubai la genge lisichanike, akamwongezea limau moja kwenye mfuko.

Haikuwa mara ya kwanza. Baada ya kuchaguliwa alibeba pipa la taka la mtaa wa msikiti, lile kubwa la magurudumu, akaenda nalo sokoni na harusini, hadi baraza la manispaa lilipopitisha pipa halisi. Asubuhi lilipowekwa pale kona, la kichwani lilitoweka, naye akajikuna utosi kwa raha. Aliwahi kubeba pia shimo la barabarani. Halikuwa na uzito, ila lilimtia baridi. Utaratibu ulikuwa huo: kujitwika alijitwika kwa ulimi wake mwenyewe, kutuliwa kulihitaji kura za wenzake.

Kabla ya udiwani alikuwa mwosha maiti. Aliwaosha wanawake wa Jabal Zarur kwa miaka mingi bila ujira, na hakuna nyumba kule juu ambayo mama au bibi yake hakupita mikononi mwake. Akiwaosha alizungumza nao: lala salama, mwanao nitamtazama, nenda, deni lako la kitani nitalisemea. Na alifanya. Labda ndiyo sababu ya maneno yake kuwa na uzito. Aliye hai ukimwahidi atakukumbusha, maiti hakumbushi, kwa hiyo yampasa mtu akumbuke mwenyewe. Watu walimchagua kwa hilo, na mimi naona walichagua vizuri.

Siku ya kikao aliingia ukumbini kwa magoti, kwa sababu mlango ulijengwa kwa watu wasiobeba kitu. Wajumbe walimpisha kwa heshima. Mhandisi Rakan, ambaye ndiye meya, alisimama kabisa.

"Umm Laith, wewe ni taji la vichwa vyetu," alisema. Kichwa chake kilibaki kitupu na nywele zake zimechanwa vizuri.

Ajenda ilikuwa dele. Meya alitaka kwenye kipilefti cha kuingilia mji lisimamishwe dele la kahawa la shaba, refu kuliko nyumba, linalomimina maji usiku na mchana kwenye kikombe, ili mgeni ajue amefika kwa watu wakarimu. Umm Laith aliwasikiliza mpaka wakamaliza.

"Dele zuri," alisema. "Mniwekee na taa ya ngazi, nitue. Kuna mgonjwa anashukia pale gizani. Akianguka, nitamwosha mimi, si nyinyi."

Nje, mwadhini wa magharibi alianza, na taa ikawaka yenyewe kichwani kwa Umm Laith. Mwanga wake ulikuwa mzuri. Mjumbe mmoja alitumia nafasi hiyo kutafuta miwani yake chini ya meza.

Meya alitazama juu. "Taa ya ngazi ya Zarur si ndiyo hii?"

"Ndiyo. Iko kichwani kwangu, mheshimiwa."

"Nawe unakaa wapi?"

"Zarur."

"Basi taa iko Zarur," alisema meya kwa upole, kama mtu aliyemsaidia mwenzake kupata kitu alichokuwa amekikalia. Wajumbe walikubali kwamba hoja ya taa imekwisha kutekelezwa. Dele lilipita bila kupingwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tangu hapo, kila siku kabla ya alfajiri Umm Laith husimama katikati ya ngazi, penye kona, na taa huwaka mpaka jua litoke. Inaniuma kusema, lakini watu walifurahi. Wanafunzi walipitia masomo yao miguuni pake. Majirani walimwomba asogee kushoto kidogo, kwa sababu mwanga uliingia vyumbani. Mwanawe Laith, anayefanya kazi nchi za Ghuba, alipiga simu ya video akaona kidevu tu na chuma. "Rudi nyuma nikuone wote, mama," alisema. Alirudi nyuma hadi ukutani, haikusaidia.

Abu Shukri humletea chai yenye majani ya maramia, kisha hubaki juu na magoti yake. Hamda hushuka peke yake.

Mvua ya kwanza ya kipupwe iliponyesha, Hamda alifika kwenye kona akasimama. Mawe yalikuwa yakiteleza.

"Taa, Mungu akupe afya," alisema. "Ila pangekuwa na chuma cha kushikia, dadangu. Hapa ukutani tu."

Umm Laith aliyajua maneno ya kujibu. Yalikuwa tayari ulimini. Shingo ilimuuma, na chuma cha kushikia ngazi nzima si kitu cha kubeba kwa umri wake. Aliuma midomo, akanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu awe diwani.

Hamda hakungoja jibu. Aliinua mkono akapapasa hewani, akitafuta pa kushika. Umm Laith akanyoosha wake.

Mkono ulirefuka kidogo kufuata ngazi, kama unavyorefuka mtu anapovuta kiatu uvunguni mwa kitanda. Hamda aliushika, akaujaribu kwa uzito wake, akaona unafaa.

"Wa baridi," alisema.

"Kipupwe hiki. Shuka polepole, dadangu, kidato kinachofuata kimevunjika."