Vitanda Vingine Vyote

Jumatatu ile dada mtu hakufika kazini. Moyo wake ulisimama alfajiri, chai ikiwa bado jikoni.

Mdogo wake aliporudi ofisini baada ya msiba, alikuta michoro ya dada yake ikimngoja. Walikuwa wakitengeneza mfumo wa kompyuta wa wodi za hospitali: dada anachora, mdogo anaandika programu. Kando ya kila kazi ya mfumo, dada aliweka sharti la matokeo, mstari ambao kompyuta iliukagua kila programu ilipojaribiwa. Namna ya kuyafikia hakuisema kamwe.

"Njia utaijua mwenyewe, fundi," alizoea kumwambia. "Mimi nakudai mwisho tu."

Sharti lake la mwisho lilihusu kumruhusu mgonjwa aende nyumbani: kitanda chake kiwe wazi, na vitanda vingine vyote viwe kama vilivyokuwa kabla.

Hapo ndipo programu ya mdogo mtu ilipokwama. Mgonjwa akitoka, iliwasogeza waliobaki ili wazibe pengo, orodha ipendeze. Kila alipoijaribu, kompyuta ilimkatalia: sharti limevunjwa.

Bosi, ambaye ofisi nzima ilimbandika jina la Chapchap, akaja kusimama nyuma yake.

"Dogo, bado tu?"

"Sharti la dada linakataa."

"Si ulifute! Mstari mmoja ututoe jasho wote? Wateja wanakuja kesho."

"Na akiuliza?"

"Nani?"

Kijana akaitazama michoro ya dada yake. Chapchap akajikuna shingo. "Samahani, mwanangu. Lakini wateja ni kesho."

Akaondoka. Kijana akauweka mstari tayari kuufuta, kidole kikabaki juu ya kitufe. Akakumbuka mama yao alipolazwa. Yeye ndiye aliyetangulia na chupa ya chai, akavuta pazia, akakuta bibi asiyemjua amelala kwenye kitanda cha mama. Akaangua kilio, akidhani mama amefariki. Kumbe jirani alikuwa ameruhusiwa, na mama kasogezwa dirishani. Dada, aliyekuwa nyuma yake, aliyaona yote. Hakumcheka hata siku moja, yeye aliyekuwa hodari wa utani.

Kijana akaliacha sharti. Akafuta kazi yake mwenyewe ya wiki nzima, akaanza upya. Wateja walipokuja wakaambiwa warudi Ijumaa, na Chapchap akanuna mpaka Ijumaa hiyo.

Mfumo sasa unatumika. Mgonjwa akiruhusiwa, kitanda chake hubaki wazi mpaka aandikwe mwingine, na wenzake huonekana palepale walipokuwa.