Mfuko wa Mgongoni

Saa tatu asubuhi Émerance alitundika fulana nyeupe kwenye kamba, uani kwake mtaa wa Bel-Air, akazipiga picha moja moja kwa ajili ya wateja wa WhatsApp. Ziliuzwa bei ya chee kwa sababu kampuni ya magodoro ilizidhamini, na kila moja ilichorwa godoro la buluu kifuani. Sharti la kampuni lilikuwa moja tu: godoro lisifunikwe.

Katika picha ya nne, fulana iliyoning'inia tupu kambani ilivaliwa na mumewe, Paluku. Paluku alikuwa amekwenda Goma kufuata mzigo wa maharagwe, mji ukachukuliwa na waasi, uwanja wa ndege ukafungwa, na simu yake ilikuwa imezima tangu Januari. Nyuma yake palionekana ukuta wa mawe meusi ya Goma. Émerance alimtazama mpaka chai ikapoa, kisha akaituma picha, maana wateja walikuwa wanangoja.

"Ule papa anavalaka muzuri," waliandika. "Taille yake ni gani?"

Ilikuwa saizi L.

Alijaribu pia kutundika shati la Paluku mwenyewe, lile la kanisani. Pichani lilitoka tupu. Basi kila asubuhi akatundika fulana za kampuni, akavaa gauni alilolipenda Paluku, ingawa yeye mwenyewe hakuwamo pichani. Mwezi wa tatu L ilimpwaya mumewe, akamwekea M. Mwezi wa tano hata M ilining'inia.

Émerance alishona mfuko kifuani, akatia mkate wenye karanga. Pichani Paluku alikuwa akila kwa mikono miwili, akimtazama mkewe kwa mara ya kwanza. Kambani mfuko ulibaki mtupu. Hamu ilimzidi, akaibusu simu.

Adhuhuri Adalbert, mtu wa matangazo wa kampuni, aliiona picha, akapiga simu.

"Mama Émerance, foto haiko muzuri. Mikono yake inafunika godoro. Na ule mufuko pia."

"Iko anakula, Monsieur Adalbert."

"Naona, mama. Akule foto ikiisha."

"Foto ikiisha, mukate haitafika kule."

Adalbert aliifungua tena picha. Hakuwa mtu mbaya.

"Basi mufuko uweke mu mugongo."

Bila kampuni hakuna fulana, na bila fulana hakuna Paluku. Kesho yake Émerance alishona mfuko mgongoni. Godoro lilionekana lote, safi. Paluku alikuwa amepeleka mkono nyuma, bega limepinda, vidole havijafika. Mkate ulikuwa bado mfukoni, kambani.

"Hii sasa ndiyo foto," Adalbert aliandika.

Émerance akaituma kwa wateja.