Ukurasa Uliopimwa kwenye Mizani ya Malori

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kwenye mizani ya malori kujibu mashtaka ya kuwa na ukurasa mwembamba.

Mimi ni Subilaga Mwasomola, mtengenezaji wa tovuti, naishi Mbeya mjini. Miaka sita iliyopita nilimtengenezea Sista Tumpe, muuguzi wa zahanati ya Ndulilo kule milimani, ukurasa mmoja wa intaneti. Hauna picha wala rangi. Una jina la zahanati, siku ya chanjo na siku ya kliniki ya wajawazito, basi. Niliufanya hivyo makusudi, kwa sababu Ndulilo mtandao huja kama mgeni mwenye haraka, na simu za kina mama wa kule ni ndogo na za zamani. Kwenye blogu yangu nimeandika mara nyingi kwamba tovuti nzuri ni ile inayomfikia mtu wa mwisho. Wasomaji huniwekea kidole gumba, kisha wanaenda kutazama video.

Ndotoni ukurasa ule ulikuwa mwanamke. Alisimama kando yangu barabarani, mrefu, mwembamba, pekupeku, amejifunga shuka jeupe lenye maandishi meusi. Kifuani: ZAHANATI YA NDULILO. Tumboni: CHANJO JUMATANO, SAA MBILI ASUBUHI. Umri wake ulikuwa kama wangu.

"Shikamoo mama," aliniamkia.

"Marahaba. Umekula?"

"Sijawahi kula. Uliniambia nisile."

Ni kweli, nilimwambia.

Mbele yetu malori yamepanga foleni. Nyuma ya dirisha la mizani amekaa Kisanduku, kile cha mraba kinachotuuliza mtandaoni kama sisi ni roboti. Amevaa tai na anakunywa chai.

"Mpandishe," anasema.

Ukurasa anapanda. Mshale wa mizani haustuki. Kisanduku anagonga kioo, anavaa miwani, anaandika: kilobaiti kumi na moja.

"Dada, huyu anaumwa?"

"Mzima kabisa."

"Kurasa za siku hizi zina uzito wa lori la saruji. Huyu nikipiga chafya anaondoka." Akafungua kitabu cha sheria. "Ukurasa usio na uzito hauna heshima. Anenepeshwe kwa picha na muziki, au apelekwe Haupatikani."

Haupatikani nilikuwa nalijua kama neno tu, lile unalokutana nalo ukitafuta ukurasa uliokwisha kufa. Kumbe ni mji. Kutoka kwenye mizani niliuona kwa mbali: mabati meupe, hakuna moshi wa jiko hata mmoja, na kila mlango umeandikwa "Samahani".

"Sikubali," nilisema.

"Wewe ni roboti?"

"Hapana."

"Thibitisha." Akanisogezea picha tisa. "Chagua zenye bomba la zimamoto la barabarani."

Nilizitazama zote. "Mtaani kwetu hayapo."

"Moto mnazima na nini?"

"Ndoo na majirani."

Kisanduku aliweka kikombe cha chai chini. "Kusema kweli," alisema kwa sauti ndogo, "hata mimi sijawahi kuliona. Huwa naletewa picha tu." Akazigeuza, na kwa nyuma kulikuwa na picha nyingine tisa. "Basi chagua barabara itakayopitika mvua ikinyesha."

Hilo nililijibu bila kufikiri. Ilikuwa moja tu kati ya tisa. Akaniandikia kwenye cheti: mtu.

"Mtu ana haki ya kusoma Masharti," alisema, "ingawa watu huwa hawasomi. Wanabonyeza 'Nakubali' wanapita."

"Nitasoma."

Masharti yalikuwa karatasi iliyokunjwa kama mkeka. Aliisukuma kwa mguu, ikajikunjua katikati ya barabara, ikayapita malori, ikapanda mlima, ikateremka upande wa pili. Nilianza kusoma nikiwa nimeinama. Nilisoma mahindi yakiwa yanapandwa kando ya barabara, nikasoma yakipaliliwa, nikasoma yakivunwa. Ukurasa wangu alinifuata nyuma akinishikia mwavuli.

Nilipofika mwisho, karatasi ilikuwa inatetemeka.

"Wewe ndiye wa kwanza," Masharti aliniambia. "Miaka yote hii watu wamekuwa wakinikanyaga."

"Pole."

"Umekiona kifungu cha mia mbili na kumi na mbili?"

Nilikuwa nimekiona. Kilisema hivi: ukurasa ukibishaniwa, usipimwe kwa uzito, bali upelekwe kwa mtu mmoja anayeuhitaji, ionekane kama utamfikia.

Nilipoinua uso, mizani haikuwepo tena. Tuko Ndulilo, kwenye ukingo wa korongo, mvua inanyesha, na chini mto unanguruma. Ng'ambo amesimama mama mmoja, amembeba mtoto mgongoni, simu ndogo mkononi. Katikati yetu na yeye umelazwa mti mmoja mwembamba. Juu ya mti kuna kibao, kama alama ya kwenye kona ya simu: MTANDAO, MSTARI MMOJA.

Kisanduku naye amefika, na tai yake imelowa.

Nyuma yetu yakasikika matarumbeta. Alikuwa Lwitiko, mwenzangu wa ofisini. Lwitiko anatengeneza tovuti nzuri kuliko zangu, hilo silikatai, na wote wawili tunalijua. Miaka sita ananiambia ukurasa wangu wa Ndulilo unafanana na tangazo la msiba. Sasa alikuwa amewatengenezea watu wa Ndulilo mwingine. Ulibebwa na wanaume wanane kwenye kitanda, mnene, unang'aa, umejaa picha za madaktari wanaocheka, na matarumbeta yalikuwa yanatoka kwenye kitovu chake.

"Dada Subi, samahani," Lwitiko aliniambia. "Sikujua nitashindana na wewe."

"Usijali, kaka. Anza wewe."

Wanaume wanane walikanyaga mti, mti ukapinda kama upinde. Ukurasa mnene ulianza kwa kumrushia yule mama biskuti, maana ndilo jina la Kiingereza la vidakuzi, vile vinavyomfuatilia msomaji mtandaoni.

"Je, unakubali vidakuzi?" uliuliza.

"Mimi nauliza siku ya chanjo," alijibu mama.

"Kubali vidakuzi vyote, au chagua kimoja kimoja."

"Mtoto wangu ana wiki kumi."

Ukurasa ukamwomba jina, tarehe ya kuzaliwa na maoni yake kuhusu ukurasa. Kisha ulisimama katikati ya mti na kuanza kuzunguka polepole, ukitabasamu.

"Ukurasa utafika," alisema Lwitiko. "Huwa unazunguka hivyo kwanza."

Simu ya mama ililia mara moja. Chaji ilikuwa inakaribia kwisha. Wabebaji wakarudi nyuma na kitanda chao kwa tahadhari, mmoja akiomba radhi kwa kila aliyemkanyaga.

Ukurasa wangu hakuniuliza kitu. Alikunja shuka hadi magotini, akaweka mguu kwenye mti, na mti haukujua kama umekanyagwa. Hatua nne, tano, sita. Amefika. Amesimama mbele ya yule mama kabla tone la mvua lililoanza naye safari halijagusa maji.

Kisanduku aliandika: amefika.

Kifua changu kilijaa hadi vifungo viwili vya blauzi vikakatika na kuangukia mtoni. Nilikumbuka vikao vyote nilivyochekwa. Nilitaka Lwitiko anitazame, na alikuwa ananitazama.

Lakini ng'ambo yule mama alisoma tumbo la ukurasa, akasoma tena, akatikisa kichwa.

"Hapa pameandikwa Jumatano," aliita. "Wiki hii ni Alhamisi. Jokofu la chanjo linaletwa Jumatano jioni."

"Nani kakuambia?" niliita.

"Sista bado hajamwambia mtu."

"Sasa wewe umejuaje?"

"Mimi ndiye ninayetembea mwendo wa saa tatu kuja kliniki," alisema. "Nisijue?"

Ukurasa wangu alikuwa ameinamisha kichwa, ameshika tumbo lake kwa mikono miwili kama mtu aliyekutwa na doa kwenye nguo mbele za watu. Fahari yote ilinishuka hadi visiginoni. Ukurasa unaofika upesi na siku isiyo sahihi unamtembeza mama saa tatu bure. Ule mnene angalau haukumdanganya.

"Lazima nivuke," nilimwambia Kisanduku.

"Una uzito gani?"

"Kilo themanini na mbili."

"Na hao?"

Nikageuka. Mgongoni walikuwa wameniparamia wafuasi wangu wa mtandaoni, elfu tisa, wadogo kama panzi, kila mmoja ameshika kidole gumba chake. Sikuwahi kujua kuwa ninawabeba. Niliwashusha kwenye majani mmoja mmoja. Nikavua viatu. Nikavua na sifa nilizopewa kwenye mikutano, ambazo zilikuwa beji nzito za chuma, nikaziweka juu ya jiwe.

"Sisi tufanye nini hapa?" wafuasi waliuliza.

"Someni," nilisema. Wakatazamana.

Nilikanyaga mti, ukalia. Nilipotaka kurudi, Lwitiko alipiga magoti kwenye matope na kuikumbatia ncha yake kwa mikono yote miwili, bila kujali suti yake.

"Nenda, dada," alisema. "Mimi nimeshika."

"Utachafuka."

"Nenda, dada."

Nikaenda. Katikati nilimwona samaki mtoni amevaa kifungo changu. Sikusimama. Nilipofika ng'ambo yule mama alinipa mkono, akanivuta kwa nguvu, mkono wake ulikuwa wa moto.

Kompyuta sikuwa nayo. Palikuwa na jiko la mawe lililozimika, limebaki mkaa. Nilichovya kidole gumba, nikafuta JUMATANO kwenye tumbo la ukurasa, nikaandika ALHAMISI. Nilikuwa nimeinama vibaya kwenye utelezi, neno likalalia upande wa kushoto.

"Mama, inatekenya," alisema ukurasa.

"Tulia. Namalizia."

Yule mama alisoma. Akamgeuza mtoto aliyekuwa mgongoni, akamwonesha tumbo la ukurasa, na mtoto akalitazama kwa makini kama mtu anayesaini mkataba.

"Sasa ni kweli," mama alisema, na simu yake ikazima.

Ng'ambo ya korongo Kisanduku alivua miwani, akajiwekea alama ya vema usoni mwake mwenyewe, kubwa, ya kijani. Lwitiko alikuwa bado ameshika mti. Nilisimama pale kati ya ukurasa wangu na yule mama, miguu mitupu, na fahari iliyonirudia ilikuwa ya aina nyingine. Hii haikukata vifungo.

Niliamshwa na simu saa moja asubuhi. Alikuwa Sista Tumpe.

"Subilaga mwanangu, asante kwa kuibadilisha ile siku."

"Siku gani, Sista?"

"Ya chanjo. Nimepata habari ya jokofu jana jioni, nikasema nitakupigia asubuhi. Nafungua ukurasa hapa, nakuta umeshaweka Alhamisi. Nani kakuambia?"

Kompyuta yangu ilikuwa ndani ya begi, imezimwa, na nenosiri la ukurasa ule hakuna mtu mwingine yeyote anayelijua. Nilimwambia Sista asubiri kidogo, nikaufungua kwa simu. Ulifunguka kabla sijaondoa kidole.

Maneno yote yalikuwa yamesimama wima kama nilivyoyasimamisha miaka sita iliyopita, isipokuwa Alhamisi. Alhamisi lilikuwa limelalia kushoto. Nilitafuta kwenye mafaili yote ya ukurasa amri inayolilaza, sikuipata.

"Subilaga, upo?"

"Nipo, Sista."

"Neno lenyewe limepinda. Utalinyoosha?"

"Hapana," nilisema. "Hilo liache hivyo hivyo."